"Watuachie Ufunguo Mapokezi": Dhana Potofu Kuhusu Hoteli Ndogo za Asia

Wiki iliyopita mteja alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Narita, nje ya Tokyo, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Ndege imechelewa, lakini hakuna shida, hotelini tutafika kama saa nne usiku. Waambie watuachie ufunguo mapokezi." Maneno hayo, kwa kubadilisha jina la mji tu, nimeyasikia mara nyingi mno katika miaka yote niliyowapangia safari za Asia wateja wa Dar es Salaam na Mombasa, na sasa nimeona heri niyajibu kwa maandishi, mara moja na kwa kirefu.

Nyumba aliyokuwa akiiendea, katika milima ya Hakone, ina vyumba vinane. Haina mapokezi yanayokesha, na ifikapo saa nne usiku moto wa jikoni kwake umekwisha kuzimwa.

Dhana yenyewe ni hii: kwamba anayelipia malazi amekodi kitanda na kuta nne, kwamba anaweza kuingia saa yoyote aipendayo, na kwamba chakula, maji ya kuoga na maongezi ya wenyeji ni nyongeza anayoweza kuichukua au kuiacha. Kwa hoteli ya ghorofa ishirini yenye vyumba mia tatu, dhana hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu hoteli ya namna hiyo imejengwa ili isijue wala isijali nani ameingia saa ngapi. Kwa hoteli ndogo, zile ambazo katika biashara yetu tunaziita hoteli za butiki, si kweli hata kidogo, na mahali ambapo kosa hili huumiza zaidi ni katika ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani.

Katika ryokan mgeni hupokelewa kuanzia saa tisa alasiri, na kila kitu kinachofuata kimepangwa kwa kuhesabu kwamba amefika. Anavua viatu mlangoni. Mhudumu wa chumba, ambaye huitwa nakai, anampeleka chumbani, anamwandalia chai na kitu kitamu kidogo, kisha anamuuliza angependa kula saa ngapi. Uchaguzi si mpana: ni saa kumi na mbili jioni, au nusu saa baadaye, au mwisho kabisa saa moja usiku. Kabla ya kula mgeni huenda kuoga katika maji ya moto ya chemchemi, na njiani huwa amevaa yukata, vazi jepesi la pamba ambalo pindo lake la kushoto lazima lilale juu ya lile la kulia, kwa kuwa kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Chumba alichoachiwa hakina kitanda. Kina mikeka ya tatami, meza fupi na mito ya kukalia, na mtu asiyejua hudhani amepewa sebule kwa makosa. Kitanda kimo kabatini. Wakati mgeni yuko kwenye chakula, au baada ya vyombo kuondolewa ikiwa amekula humo humo chumbani, wahudumu huingia, huisogeza meza pembeni na kutandika magodoro ya futon juu ya mikeka, na asubuhi yote hayo hukunjwa na kurudishwa kabatini. Chumba kimoja, basi, huwa sebule, kisha mahali pa kulia, kisha mahali pa kulala, na kila badiliko linahitaji mikono ya watu ambao usiku nao hurudi makwao.

Tuje kwenye chakula, maana ndicho wateja wangu wanachokidharau zaidi, nami ndicho ninachokitetea kwa nguvu zangu zote. Mlo wa jioni wa ryokan nyingi ni kaiseki: vyombo vidogo vidogo vinavyoletwa kwa zamu, kianzio, supu nyepesi, samaki mbichi, kitu cha kuchoma, kitu cha kuchemsha, na mwishoni wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa) na achari. Mpishi hanunui vitu vya kuweka akiba. Hununua samaki na mboga za msimu kwa hesabu ya vichwa vilivyoandikwa siku hiyo. Nyumba ya vyumba vinane inapikia watu kumi na sita, na wawili wasipotokea, sehemu moja katika nane ya kazi ya siku nzima imepotea, wala hakuna mteja mwingine wa kupita barabarani na kuinunua. Hii ndiyo sababu ada ya kughairi hupanda kadiri siku inavyokaribia na mara nyingi hufikia bei nzima siku yenyewe. Wateja huniambia kwamba huo ni wizi. Ninawaomba wafikirie mama aliyepikia wageni walioahidi kuja, akakaa na sufuria zake mpaka usiku wa manane, kisha wenyewe waniambie ni nani aliyemkosea mwenziwe.

Yule mteja wa Narita alikuwa kwenye fungate. Nilikuwa nimemwomba, kwa simu na kwa maandishi, kwamba usiku wa kwanza walale Tokyo, naye akasema hataki kulipia mahali pawili, na kwamba ratiba ya ndege inatosha. Ndege ilitua saa kumi na moja jioni badala ya saa saba mchana. Mpaka wakamaliza uhamiaji na mizigo, wakapanda treni ya kuingia mjini, wakabadilisha kwenye kituo cha Shinjuku na kupanda ile ya Hakone-Yumoto, ambayo peke yake huchukua kama saa moja na nusu, kisha wakatafuta teksi ya kupanda mlima, ilikuwa imekwisha kupita saa nne. Mama mwenye nyumba, ambaye Wajapani humwita okami, alikuwa bado amevaa kimono chake, amekaa karibu na mlango akiwasubiri. Futon zilikuwa zimekwisha kutandikwa. Jikoni palikuwa pamefungwa, lakini kwenye sinia aliwawekea tonge nne za wali, zilizokandwa kwa umbo la pembetatu na kuzungushiwa mwani mkavu, pamoja na birika la chai. Mteja alinitumia picha ya sinia hilo akilalamika kwamba hicho ndicho chakula alichokilipia. Mimi niliitazama picha ile nikamwona mwanamke aliyekanda wali kwa mikono yake usiku kwa ajili ya watu asiowajua, walioivuruga siku yake, naye hakuwadai senti ya ziada.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa haina mjadala: usiku wa kwanza nchini Japani mteja wangu analala karibu na kiwanja au katika mji aliotua, na ryokan huwekwa usiku wa pili au wa tatu, akiwa amepumzika na anaweza kufika mapema alasiri. Atakayekataa, simwekei ryokan. Pia ninawaomba watu wasome vizuri saa zilizoandikwa kwenye vocha. Ikiandikwa 18:00, ni saa kumi na mbili jioni, si saa nane wala saa sita. Nimeshuhudia familia nzima ikikosa mlo kwa sababu baba alisoma tarakimu kwa haraka.

Malalamiko mengine ya wateja nayajibu moja moja. "Mtandaoni bei ilikuwa nusu ya hii." Hapana, ulisoma bei ya mtu mmoja. Ryokan hutoza kwa kichwa, pamoja na mlo wa jioni na kifungua kinywa, na wala haifai kulinganishwa na chumba kitupu cha hoteli ya mjini. Kule Bali kosa huwa la namna nyingine: alama mbili za kujumlisha zilizowekwa baada ya bei si pambo, zina maana kwamba kodi na ada ya huduma zitaongezwa, na zikijumlishwa zinaweza kufika asilimia 21. Uliza bei ya mwisho kabla ya kulipa amana.

"Ina nyota ngapi?" Swali hili huulizwa kabla hata sijamaliza kutaja jina la mahali. Nyota hutolewa kwa kuhesabu vitu, kama lifti, migahawa, bwawa na saa za mapokezi, na nyumba ya vyumba kumi na viwili haina sababu ya kuwa na migahawa mitatu. Serikali ya Japani haina mfumo rasmi wa nyota za hoteli. Zile unazoziona kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba zimewekwa na tovuti zenyewe au na wenye nyumba. India imetenga daraja maalumu kwa hoteli za urithi zilizomo katika majumba, ngome na makasri yaliyojengwa kabla ya 1950, kwa kutambua kwamba jengo la namna hiyo halipimwi kwa kipimo cha hoteli mpya. Anayeuliza nyota pekee hatafika kamwe kwenye nyumba ya buluu ya Cheong Fatt Tze huko George Town, kisiwani Penang, nchini Malaysia, ambayo tajiri huyo wa Kichina aliijenga ikiwa na vyumba 38, nyua tano na madirisha 220, na ambayo sasa sehemu yake hupokea wageni. Rangi ya kuta zake ni chokaa iliyochanganywa na nili. Ukarabati wake ulitunukiwa tuzo ya UNESCO ya uhifadhi wa urithi mwaka 2000, miaka minane kabla ya mji wenyewe kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Nyumba hiyo hiyo inajibu na lalamiko la joto. "Kama chumba hakifungwi kabisa, kiyoyozi kitafanya kazi gani?" Viyoyozi vipo karibu kote, lakini kuta nene na ua ulio wazi juu vilikuwa vikipooza nyumba kabla ya umeme kufika, na mtu aliyelala katika nyumba ya mawe ya Lamu anaijua vizuri kazi ya ua wa ndani. Msanifu wa Sri Lanka, Geoffrey Bawa, aliyefariki mwaka 2003, alijenga maisha yake yote kwa hoja hiyo: paa refu linalotoka nje kuzuia jua na mvua, vyumba vinavyofunguka kwenye bustani, upepo unaopita kutoka upande hadi upande. Lunuganga, shamba lake karibu na Bentota alilolinunua mwaka 1948 na kulirekebisha kwa miongo mingi, leo hulaza wageni. Nimewahi kumpeleka mteja huko akafunga kila dirisha kwa siku mbili. Tafadhali, fungueni madirisha.

"Hizi ni fasheni za juzi juzi." Tandjung Sari, kwenye ufuo wa Sanur huko Bali, ilianza mwaka 1962 kwa vibanda vinne tu vilivyoongezwa kwenye makazi ya familia. Na kama hiyo haitoshi, Nishiyama Onsen Keiunkan, katika mkoa wa Yamanashi nchini Japani, inahesabu mwanzo wake mwaka 705, na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kinaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Mpaka leo haina hata vyumba arobaini.

"Desemba ni msimu mzuri Asia yote." Sri Lanka peke yake ina pepo mbili za mvua. Pwani ya kusini na magharibi, penye Galle na Bentota, hunyeshewa zaidi kati ya Mei na Septemba, wakati pwani ya mashariki, penye Trincomalee, inang'aa kwa jua. Mwisho wa mwaka mambo hugeuka. Hoteli ndogo za ufukweni huwa hazina kumbi za ndani za kumsahaulisha mgeni mvua, na baadhi hufunga kabisa msimu wao ukiisha.

Wapo pia wateja wa Kiislamu wanaoamini kwamba hoteli ndogo haziwezi kuwahudumia, na kwamba ni kubwa tu zinazojua mambo yao. Mara nyingi ni kinyume chake, mradi mpishi ajulishwe mapema. Supu ya msingi ya Kijapani huchemshwa kwa samaki mkavu na mwani, lakini vyakula vingi hutiwa mirin au sake, ambavyo ni vileo, na haviwezi kutolewa chakula kikishakuwa mezani. Andika wakati wa kuhifadhi chumba: hatuli nguruwe, hatuli kilichopikwa kwa kileo, tunakula samaki. Mpishi wa watu kumi na sita anaweza kukupikia wewe peke yako. Mpishi wa watu mia sita hana nafasi hiyo. Kuhusu kuoga, maji ya chemchemi huogewa bila nguo, wanaume mbali na wanawake mbali, baada ya kujisafisha kwanza kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda nje ya bwawa la kuogea. Asiyeridhia kuoga mbele ya wengine aulize kama kuna bafu la faragha, ambalo ryokan nyingi hulitoa kwa zamu ya kama dakika arobaini na tano, ama bure ama kwa ada. Hilo nalo huombwa alasiri unapofika, kabla zamu za jioni hazijajaa.

Swali la mwisho ninaloulizwa kila mara ni la bakshishi. Japani haidaiwi, na mhudumu wa mgahawa anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau fedha zako. Ukitaka kumshukuru nakai wako, tia noti safi ndani ya bahasha ndogo, umpe anapomaliza kukuonyesha chumba, si siku ya kuondoka. Akiikataa, irudishe mfukoni wala usimshurutishe.