Kaya si familia

Katika mahubiri, makongamano na vipindi vya redio hapa Dar es Salaam husemwa mara kwa mara kwamba familia ya Kitanzania inavunjika, na ushahidi unaotolewa ni kwamba watu wanaoishi nyumba moja wamepungua. Takwimu hizo ni za kweli: wastani wa watu katika kaya ulikuwa 4.7 kwa sensa ya mwaka 2012, ukashuka hadi 4.3 kwa sensa ya mwaka 2022. Lakini sensa haikuhesabu familia, na kosa la kuchanganya dhana hizi mbili limezoeleka kiasi kwamba linastahili kuelezwa.

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Familia ni watu waliounganishwa na damu, ndoa au malezi, popote walipo.

Tofauti hii haikuwa dhahiri tangu mwanzo. Kwa Wasukuma, kaya ni mji wa mtu pamoja na watu wake, na kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Waliolala mahali pamoja aghalabu walikuwa wa ukoo mmoja au walioolewa humo, kwa hiyo aliyetaja makazi alikuwa ametaja na ndugu. Familia, kwa upande wake, ni neno la Kizungu, na waliotutangulia walisema jamaa au ahali. Jamaa limetoka katika Kiarabu na lina mzizi mmoja na jamii na jumuiya, yote yakihusu kukusanyika. Mwalimu Nyerere alipoeleza ujamaa mwaka 1962, alianzia katika udugu huo wa ukoo akitaka upanuliwe hadi taifa zima. Hakuanzia katika idadi ya watu walio chini ya paa moja.

Mjini vitu hivi viwili vimeachana waziwazi. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, dada wa kazi aliyelala Sinza alihesabiwa katika kaya ya mwajiri wake, ingawa msiba ukitokea katika familia hiyo hataitwa kwenye kikao cha ndugu. Usiku huohuo kijana aliyepanga chumba Manzese alikuwa kaya ya mtu mmoja, hata kama ndiye anayemlipia mdogo wake ada huko Kigoma. Ukimtazama kwa jicho la sensa, yuko peke yake. Ukitazama wanaomtegemea, yumo katikati ya familia kubwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umeielewa tofauti hii kwa miaka mingi, kwani mwanachama ameweza kuandikisha wazazi wake, na hata wakwe, kuwa wategemezi wake bila sharti la kuishi nao.

Kilichobadilika, basi, ni kazi ya familia na namna inavyofanyika, na hapo ndipo mjadala ungepaswa kuelekea. Wajibu uliokuwa ukitimizwa kwa mikono sasa hutimizwa kwa fedha: michango ya harusi na misiba hukusanywa kupitia makundi ya simu, na tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mtoto anaweza kumhudumia mama yake kila wiki bila kumwona kwa mwaka mzima. Hili si jambo dogo wala la kubezwa. Hata hivyo, fedha haimgeuzi kitandani mzee aliyepooza, haimwogeshi, wala haimsikilizi mtoto anayelelewa na msichana ambaye naye bado anahitaji kulelewa. Upungufu huu wa mikono ni wa kweli, na unaumiza zaidi kuliko kupungua kwa watu mezani.

Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia idadi ya watu ndani ya nyumba, naomba aseme kaya. Na anayesema familia zimevunjika atueleze ni wajibu gani umeachwa, na nani aliyeuacha, kwa sababu wastani wa 4.3 haujibu swali hilo.