"Umeelewa?" Halitoshi: Kutoa Maelekezo ya Kazi Yakafika

Kwenye kampuni za utalii za Arusha na Moshi, safari nyingi huanza kuharibika kabla gari halijawashwa. Dereva yupo, gari limejazwa mafuta, lakini maelekezo aliyopewa yana pengo. Mapengo yenyewe ni yaleyale, na la kwanza ni saa.

Ofisi hupokea muda wa wageni kama ulivyo kwenye tiketi: 6:00. Mtu wa bukingi anaunakili hivyohivyo, dereva anausoma saa sita. Andika zote mbili: "saa 12 asubuhi (06:00)". Ndege za usiku ndizo zenye mtego zaidi. Ukiandika "usiku wa Jumatano saa 7", mmoja ataelewa usiku unaofuata mchana wa Jumatano, mwingine ule uliotangulia, na wote wawili wana haki. Andika "usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 14, saa 7 (01:00)". Hapo hakuna wa kubishana.

Mahali nako hivyohivyo. "Nenda eapoti" ni nusu ya maelekezo. KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao kwenye tiketi huandikwa JRO, uko kati ya Arusha na Moshi. Uwanja wa Arusha, yaani ARK, uko Kisongo, magharibi mwa jiji, na huko ndiko zinakoruka ndege ndogo za kwenda Seronera, ndani ya Serengeti. Dereva aliyekosea uwanja ana jiji zima la kukatiza, pamoja na foleni yake.

Ukishaeleza, usiulize "umeelewa?" Jibu lake ni "sawa bosi", hata kama hajaelewa, kwa sababu kijana aliyelelewa vizuri haoni adabu kumwambia mkubwa kwamba maneno yake hayakueleweka. Jibebeshe wewe mzigo huo: "Hebu nirudishie nione kama sijasahau kitu. Unaanzia wapi, saa ngapi, unamchukua nani?" Akikosea, sahihisha kipande hicho tu, kisha mwambie akirudie hichohicho. Haimalizi hata dakika moja. Kwenye redio koli ni lazima zaidi, kwa kuwa neno moja likimezwa na mkwaruzo hakuna pa kulisoma tena.

Kundi la WhatsApp ni la matangazo, si la kugawa kazi. "Kuna mtu anaweza kupeleka gesi Machame geti?" itasomwa na wote na kila mmoja atadhani mwenzake ameshaondoka. Taja jina moja. Kidole gumba maana yake ameona, hakijasema atakwenda. Ujumbe wa sauti unafaa kueleza sababu, haufai kwa namba ya ndege, ya chumba wala ya simu, kwa sababu atakayeitafuta baadaye itabidi asikilize yote upya. Na panapohitajika namba, weka namba: mzigo wa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, na mizani ya getini haijui "mzigo wa kawaida".

Salamu zibaki, shikamoo ibaki, ila ziandike pamoja na shida yako. Ukituma "habari za asubuhi mkuu" na kusubiri jibu ndipo useme, asubuhi imekwisha.

Taarifa mbaya ndiyo inayowashinda wengi. "Bosi, kuna changamoto kidogo huku" haimpi bosi kitu cha kufanyia kazi. Anza na watu, kisha mahali, kilichoharibika, unachohitaji, na muda utakaopiga tena: "Wageni 4 wote wazima. Tupo kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Springi ya nyuma kushoto imekatika. Naomba gari lingine. Napiga tena saa 9 na nusu mchana."

Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na lina kazi mbili. Linazuia ofisi kupiga simu kila dakika tano wakati dereva yuko chini ya gari. Halafu, muda huo ukipita kimya, ofisi inajua ni wakati wa kutuma mtu, mtandao uwepo usiwepo. Aliyeko ofisini naye ajibu kwanza gari gani linakuja na litafika saa ngapi. Swali la "uliendeshaje?" lisubiri gari lifike gereji, tena liulizwe faraghani. Dereva aliyefokewa mbele ya wageni, safari ijayo atajaribu kwanza kufunga springi kwa kamba.