Nakala tatu, kabati moja

"Sisi hatuna wasiwasi bwana, kila kitu kina nakala tatu. Kikifa kimoja, Kubernetes inakifufua." Nimeambiwa hivyo tena wiki iliyopita, Kiembesamaki, na kijana aliyenifungulia chumba cha seva. Wameweka OpenStack, programu huria ya kujitengenezea wingu la kompyuta, juu ya Kubernetes, ambayo inaendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena na kuziwasha tena zikifa. Nikamwambia nioneshe. Akanionesha kioo: podi (vikundi vya kontena) tatu za hifadhidata ya MariaDB, tatu za RabbitMQ inayopitisha ujumbe baina ya huduma, wanachama watatu wa etcd, daftari la Kubernetes yenyewe, zote kijani. La, nioneshe kwa kidole. Akageuka akalitazama kabati. Mlikuwa na seva moja nene. Nodi zote tatu, yaani kompyuta zinazobeba podi, zilikuwa mashine pepe (kompyuta za kuigizwa kwa programu) juu ya seva hiyo hiyo, nayo ikila umeme wa UPS (betri ya akiba) moja ambayo taa yake ya betri inawaka nyekundu.

Kwa OpenStack iliyowekwa juu ya Kubernetes, hakuna dhana inayonichosha kama hii. Kubernetes inafufua kontena. Diski iliyoungua haiifufui, na umeme hauiombi ruhusa. Inazijua nodi kwa majina tu. Kama zinalala kitanda kimoja, haijui mpaka uzipe lebo za mahali zilipo. Hata charti za OpenStack-Helm, yaani maelekezo yaliyo tayari ya kuiweka OpenStack juu ya Kubernetes, kwa kawaida zinapendelea kutawanya podi kwa jina la nodi, na kupendelea si kulazimisha. Wanachama wa etcd wanaandika kwa wingi wa kura: watatu wanahimili kuondokewa na mmoja, watano wanahimili kuondokewa na wawili. Kabati moja likizima, wanaondoka wote pamoja.

Umeme ukirudi ndipo kazi inapoanza. Galera, inayozilinganisha nakala za MariaDB, ikizimika ghafla kila upande, faili lake la kumbukumbu, grastate.dat, kwenye kila nodi huwa limebaki na seqno: -1 (namba ya andiko la mwisho haijulikani) na safe_to_bootstrap: 0 (si salama kuanzia hapa). Yaani hakuna anayethubutu kusema mie ndiye niliyeandika mwisho. Podi zinaamka, zinasubiriana, zinakufa, zinaamka tena, na Kubernetes inahesabu huko ndiko kufufua. Keystone, mlango wa OpenStack unaohakiki watumiaji, haina hifadhidata, na bila Keystone hakuna anayeingia popote. Charti zina mbinu zake za kumtafuta wa kuanza, lakini zikishindwa ni lazima mtu akae, asome namba ya mwisho ya kila nodi kwa wsrep-recover, amteue mwenye kubwa, aanze naye. Nimelifanya hilo saa nane za usiku kwa tochi ya simu, na sitamani tena.

Na sisi watu wa Unguja si wa kuhadithiwa umeme. Njia ya umeme wa bara iliharibika Disemba 2009, tukakaa gizani hadi Machi 2010. Waya wa megawati 100 umekuja 2013, lakini mwenye kumbukumbu hawezi kuniambia kuzimika kote kwa pamoja ni jambo la vitabuni.

Mteja mwengine aliposikia hayo akasema, basi mwanachama mmoja wa etcd tumpeleke Pemba. Nusu ya wazo hilo ni nzuri, maana Pemba tangu 2010 inakula umeme wa Tanga kwa waya wake yenyewe. Nusu ya pili ndiyo mbovu: wawili wakiwa Unguja na mmoja Chake Chake, Unguja ikizima yule wa Pemba peke yake hana wingi wa kura, basi anakataa kuandika chochote. Umevuka bahari bure. Pemba peleka bekapu.

Maana nakala si bekapu, jamani. Ceph, programu ya kuhifadhi data kwenye diski nyingi, kwa kawaida inaweka nakala tatu za kila kitu, na ukifuta volyumu (diski pepe) kwa makosa inakufutia zote tatu kwa uaminifu ule ule. Bekapu ni ile ya jana, iliyolala nyumba nyengine, na uliyowahi kuirejesha walau mara moja.

Ushauri wangu, ambao wateja wanaudhania wazimu: Jumamosi asubuhi, kabla ya wingu kuzinduliwa rasmi, vuta waya wa umeme wa seva moja. Usizime kwa amri, vuta. Ukiogopa kuvuta, jibu umeshalipata.

Madai mengine ninayoambiwa, haraka haraka.

"Kubernetes imeiua OpenStack." OpenStack ilianzishwa na NASA na Rackspace 2010, Kubernetes ilitolewa na Google 2014. Moja inakupa mashine pepe, mitandao na diski. Nyengine inaziendesha huduma za hiyo ya kwanza kama kontena. Hazigombani.

"Podi ya libvirt ikianguka, mashine za wateja zinaanguka." libvirt ndiyo inayosimamia mashine pepe, lakini katika OpenStack-Helm imepangwa makusudi zisianguke, zinaendelea kama michakato ya nodi yenyewe.

"Sasisho likiharibika, Helm inarudisha nyuma." Helm, chombo cha kuwekea charti, inarudisha charti. Majedwali yaliyokwishabadilishwa kwenye hifadhidata hayarudi nayo. Bekapu, tena.

"Wingu liko hapa hapa kisiwani, intaneti haituhusu." Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ukasuasua Tanzania nzima. Nodi ikizimwa na kuwashwa siku kama hiyo, na picha za kontena (faili ambazo kontena zinaanzishwa kwazo) umeziandika kwa lebo ya latest, yaani toleo jipya kabisa, Kubernetes kwa kawaida itakwenda kuzitafuta nje tena kila podi inapoanza, na utaangalia ImagePullBackOff (picha imeshindikana kuvutwa) mpaka uchoke. Weka ghala la picha ndani ya mtandao wako, na andika toleo kwa namba.

"Huria ni bure." Leseni, ndiyo. Kijana wa Kiembesamaki kanipigia jana kuuliza akipata fedha aanze na nini. Nimemwambia betri ya UPS, halafu seva tatu za kawaida, hata zilizokwishatumika, badala ya ile moja nene. Kaniuliza kama ile nene ataweza kuiuza.