Je, wajua? Basi refu la mwendokasi husukumwa kutoka nyuma

Mtwara mjini tunapanda bajaji, bodaboda na Hiace za Mikindani. Basi la mita 18 lenye kiungo katikati wengi wetu tunaliona tukifika Dar es Salaam, kwenye mwendokasi iliyoanza Mei 2016. Kijana mmoja aliyerudi kutoka huko aliniuliza kipande cha nyuma kinavutwaje bila kuyumba. Nikamjibu papo hapo kwamba lile ni tela tu, kama la lori la korosho linaloingia bandarini: kichwa kinavuta, tela linafuata.

Nilikosea. Mengi ya mabasi haya yanayotengenezwa siku hizi yana injini nyuma kabisa, na magurudumu yanayozungushwa na injini ni ya ekseli ya mwisho. Kipande cha mbele kina dereva na usukani, lakini hakina nguvu ya kuvuta chochote. Kinasukumwa. Wahandisi walitaka injini itoke chini ya abiria ili sakafu ishuke, mzee au mama mwenye mtoto mgongoni apande bila kuparamia ngazi.

Sasa chukua muwa, uvunje kwenye pingili ila uache ganda la upande mmoja likishika. Ukivuta ncha zake mbili, unanyooka. Ukizisukuma zikutane, unajikunja palepale ulipovunjika. Ndiyo hatari ya basi hili: lami ikiwa na utelezi, kipande cha nyuma kinaweza kutaka kukipita cha mbele na gari likajikunja kama kisu cha mfukoni. Kwa hiyo kiungo kile si ndoano ya kuvutia. Kazi yake kubwa ni kuzuia mkunjo.

Chini ya ile sahani ya duara wanayosimama abiria, ndani ya mpira uliokunjwakunjwa, kuna silinda za mafuta. Ukitaka kuzielewa, shika pampu ya baiskeli na uzibe tundu lake nusu kwa kidole. Ukikandamiza polepole, upepo unatoka na mkono unashuka. Ukikandamiza kwa ghafla, mkono unagoma. Silinda zinafanya hivyohivyo, isipokuwa ndani yake kuna mafuta, na badala ya kidole kuna vali. Katika mabasi mapya vali hizo huongozwa na kompyuta inayopima pembe ya kiungo na mwendo wa gari. Kona ya taratibu, kiungo kinalegea. Mwendo mkali, kinakaza. Mkunjo ukija kwa ghafla, kompyuta hupunguza hata nguvu ya injini. Naona ni ustadi mkubwa sana, na umefichwa chini ya miguu ya watu.

Yapo yanayovutwa kweli. Ikarus 280 ya Hungaria, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, ilikuwa na injini chini ya sakafu ya kipande cha mbele. Aliyezoea basi la aina hiyo akisema linavuta, yuko sahihi.

Wengine hudhani basi refu lazima lihitaji kona pana zaidi. Kanuni za Ulaya zinataka basi la mita 12 lisilo na kiungo na la mita 18 lenye kiungo yote yageuke ndani ya duara lilelile: nusu kipenyo mita 12.5 kwa nje na mita 5.3 kwa ndani. Kinachokata kona ni umbali kati ya ekseli na ekseli, si urefu wote wa gari. Ingiza boriti ya mita sita kwenye kichochoro cha Mikindani, itakwama kwenye pembe ya nyumba. Mbili za mita tatu zilizofungwa kamba ncha kwa ncha zitapita.

Mfano wangu wa tela unafaa gari linaporudi nyuma. Hapo mkunjo huongezeka wenyewe dereva asipouwahi kwa usukani, sawa na lori ambalo utingo wake anapaza sauti, “Vunja! Vunja! Nyoosha!” Basi halina utingo, ila pembe ya kiungo ikikaribia mwisho wake, kengele humlilia dereva.