Rambo Vietnam hakufika jamani

Juzi kibanda umiza Magomeni, hapahapa Mtwara, jamaa kaapa korosho zikilipa vizuri mwaka huu anapanda ndege mpaka Vietnam akauone msitu wa Rambo (yuleyule wa kwenye sinema, mpaka mifuko ya plastiki tuliiita rambo). Mwanangu utazunguka bure! Ile sinema ya pili, ya 1985, msitu ule mwingi ni Meksiko, upande wa Acapulco. Ya tatu, 1988, Afghanistan yenyewe wameigizia sana Israel na Arizona. Ukitaka alipokanyaga kweli nenda Hope, Kanada, ndo walishutia ya kwanza, 1982, ila lile daraja polisi anapomshusha kwenye gari lilibomolewa 2011 kwahiyo hata huko utapiga picha mto tu.