Gundi ya manyoya ya mshale: kwanza niambie umepaka nini

Kila mtu akinitafuta kuhusu kubandika manyoya kwenye mishale ya mbao anauliza gundi gani ina nguvu, na mi namrudishia swali, mshale wenyewe umeupaka nini? Maana ukishapaka vanishi gundi haigusi mbao tena, inashika vanishi.

Hili lilinigharimu. Nilitengeneza dazeni nzima, mbao ya sida imenyooka safi, nikapaka vanishi ya poliyurethani mikono miwili, nikabandika manyoya ya bata mzinga kwa ile gundi ya tyubu yenye harufu ya thina. Zilikauka vizuri tu. Kufika mshale wa nne unyoya ukatoka mzima mzima, na chini yake gundi imeganda kama utepe wa nailoni, unaibandua kwa kucha.

Yaani gundi ya thina inafanya kazi kwa kulainisha kidogo kilichopo chini yake, halafu vinakauka pamoja. Kwenye laka ya selulosi ni raha, vinakuwa kitu kimoja. Poliyurethani ikishakomaa hailainiki, hivo piga msasa laini, namba 320 hivi, mpaka ule mng'ao upotee, futa kwa spiriti, acha ikauke na baada ya hapo usishike tena sehemu ile kwa vidole, mafuta ya ngozi ni adui mkubwa. Na kile kijiti kigumu cha unyoya nacho kisugue upande wa chini, watu wengi wanakisahau.

Supaglu je? Inashika karibu kila vanishi na ndani ya dakika unatoa mshale kwenye klampu. Ila chukua ile nzito, nyepesi inapanda kwenye unyoya wenyewe unakakamaa kama brashi ya rangi iliyosahauliwa. Halafu ikikauka ni ngumu sana, na mshale ukitoka kwenye upinde unajipinda huku na huku, ndo maana gundi yenye kunyumbuka kidogo mi naipenda zaidi. Epoksi situmii kabisa. Manyoya yanachakaa, utayabadilisha, na siku hiyo epoksi inang'oka na nyuzi za mbao.

Wazee wa zamani hawakuiachia gundi peke yake. Yule mtu wa barafu, Ötzi, aliyepatikana milima ya Alps mwaka 1991, ana zaidi ya miaka 5,000, mishale yake miwili iliyokamilika ilibandikwa manyoya kwa lami ya magome ya mti na bado akazungushia uzi mwembamba. Mishale ya meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545, nayo ilizungushiwa uzi.

Hapo kwenye uzi sitanii. Kama unapiga mshale ukipita juu ya mkono, ncha ya mbele ya unyoya ikinyanyuka hata kidogo inaingia kwenye ngozi kama mwiba, nimeona mtu akitolewa kijiti kizima kwenye kidole. Kwa hiyo ncha ya mbele ichonge iwe na mteremko, zungusha uzi mara nane au kumi, weka tone la gundi juu yake. Ikikauka, pitisha kucha kuanzia mbele kwenda nyuma. Ikikwama popote, rudia ncha hiyo kabla hujaupiga.