Je, wajua kwa nini ukuta mnene huipoza nyumba mchana?

Alasiri ya jua kali, gusa kwa nje ukuta mnene wa mawe au udongo: unachoma. Ingia ndani uguse ukuta uleule: wa baridi. Wengi husema ukuta umelizuia joto. Haujalizuia, umelichelewesha tu. Joto limo ukutani, linapenya polepole, na baadaye litafika chumbani.

Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huweza kulichelewesha joto kwa saa 8 au zaidi. Kwa hiyo joto la saa tisa alasiri hutokeza ndani kuanzia saa tano usiku, nje kukiwa kumeshapoa. Tena halifiki lote, kwa sababu jua likizama ukuta huanza kulirudisha jingine nje. Bati haliwezi hayo. Ni jembamba mno, likipigwa na jua chumba nacho hupata moto papo hapo.

Siri iko kwenye uzito. Mita moja ya ujazo ya zege humeza takriban kilojuli 2,000 (kilojuli ni kipimo cha joto) ili ipande nyuzi joto moja tu. Maji ya ujazo huohuo humeza kama mara mbili ya hizo, na ndiyo maana wapo wasanifu wanaopanga mapipa ya maji nyuma ya madirisha ya nyumba za nchi za baridi. Sifongo ya kuhami joto ni jambo jingine kabisa: hupitisha joto kwa shida, lakini karibu haihifadhi chochote. Kuhami na kuhifadhi ni kazi mbili, na kuzichanganya hugharimu. Ukiibandika sifongo upande wa ndani wa ukuta, au ukitandika zulia zito juu ya sakafu ya zege, umelifungia mlango ghala la joto, yaani ukuta au sakafu yenyewe.

Ghala likijaa lazima limwagwe. Madirisha hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili hewa baridi izoe joto la kuta. Jengo la Eastgate la Harare, kazi ya msanifu Mick Pearce iliyokamilika mwaka 1996, hufanya hivyo kwa feni: usiku hewa baridi hupitishwa kwenye zege, na mchana zege hiyo ndiyo huipoza hewa inayoingia ofisini. Lakini usiku wenyewe usipopoa, kama ilivyo sehemu nyingi za joto na unyevu, kuta nzito huwa adhabu kwa anayelala. Huko mimi ningechagua kuta nyepesi, matundu mapana ya upepo na paa lenye kivuli kirefu.

Je, lazima ukuta uwe mzito? Hapana, ikiwa kilichomo ndani yake kinayeyuka. Kitu kinapoyeyuka humeza joto jingi bila chenyewe kupanda joto. Kilo moja ya nta ya parafini, ile ya mishumaa, huchukua takriban kilojuli 200 kuyeyuka. Kilo moja ya zege haifikishi hata kilojuli moja kwa kila nyuzi.

Mwaka 1948, mwanasayansi Mária Telkes na msanifu Eleanor Raymond waliijaribu njia hiyo katika nyumba moja huko Dover, Massachusetts, Marekani. Hewa iliyopashwa na jua ilisukumwa hadi kwenye madebe ya chumvi ya Glauber (salfeti ya sodiamu iliyoshikana na maji), ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na chumvi ilipoganda tena joto likarudi vyumbani. Ilifanya kazi, kisha baada ya misimu michache ya baridi ikachoka. Chumvi hiyo ikiyeyuka, sehemu yake hutuama chini kama mchanga na haichanganyiki tena na maji yake, hivyo kila mara kinachoganda hupungua.

Siku hizi nta hutiwa ndani ya vidonge visivyoonekana kwa macho, vikachanganywa kwenye plasta au mbao za jasi. Nta hiyo inawaka, kwa hiyo suala la moto halipuuzwi. Ila kazi ngumu zaidi ni kuchagua nta yenyewe. Inayoyeyuka kwenye nyuzi 23 haina faida katika chumba ambacho usiku hakishuki chini ya 26: itayeyuka siku ya kwanza, ibaki hivyohivyo, na kesho yake isiwe na joto la kumeza ila kidogo tu, kama kimiminika kingine chochote.